Kadibodi

Wandera aliambiwa. Sote tuliambiwa,
siku ya kwanza, kabla hata ya kupewa ovaroli:
mvujo hautafutwi kwa mkono.
Ngesa aliinua kipande cha katoni ya sabuni,
akakipitisha polepole kando ya bomba lililo hai
kama mtu ampepeaye mtoto mwenye homa,
na katikati ya katoni pakatokea tundu,
bila moshi, bila mlio.
"Mmeiona?"
Hatukuwa tumeona kitu.
"Basi ndiyo hiyo."

Ilikuwa Machi, gatini Kisumu,
tishari la mchanga limefungwa kamba,
gugumaji limeisonga rafadha,
na sisi tumo tumboni mwa chombo
tunajifunza majina: pampu, noseli, vali ya kurudisha,
na lile bomba jembamba kama penseli
linalobeba kilo mia tatu
juu ya kila eneo la ukucha.
Mia tatu! Nilikwenda nyumbani Obunga
nikautazama ukucha wangu hadi usingizi ukanichukua.

Juni, mwenye tishari akaja na hasira na saa ya mkononi.
Mchanga unangojwa Homa Bay. Injini inakohoa,
silinda ya nne haivuti.
Wandera akainama, akanusa.
"Harufu ninayo, tone silioni."
Mimi ndiye niliyeshika tochi.
Katoni ilikuwa nyuma yangu, juu ya ndoo, hatua mbili.
Hatua mbili.
Akapitisha kidole chini ya bomba
kama anayetafuta vumbi kabatini kwa mama mkwe.

"Aa," akasema. Hilo tu.
Nukta, chini ya kikunjo cha kwanza cha kidole cha shahada.
Akailamba, akacheka:
"Mwiba wa ngege unauma kuliko huu."
Tukanywa chai. Akamenya hata yai.

Ngesa akarudi kutoka Kibuye na gasketi kwapani.
Alipoambiwa, hakugomba,
naye ni mtu wa kugombana hata na boliti.
Ndipo nilipoanza kuogopa.
Akamshika Wandera kifundo cha mkono, "Twende,"
pikipiki moja, watu watatu, mpaka Russia,
ambako karani aliandika: *amechomwa na mwiba*.
Ngesa akachukua kalamu, akaifuta ile mistari,
akaandika kwa herufi za mtu aliyeacha shule mapema:
DIZELI. KILO MIA TATU. IMO NDANI.

Saa mbili usiku mkono ulikuwa umevimba ukang'aa.
Waliupasua toka kidole hadi karibu na kiwiko.
Mafuta yalikuwa yamefuata njia za kano, daktari alisema,
kama yaliyopewa ramani.
Muuguzi mmoja alisema chumba kilinuka gereji.

Watu husema kimya kingi kina mshindo mkubwa.
Nimeungoja mshindo huo miaka sita.
Haukuja. Kulikuwa na nukta tu.

Sasa nikizima injini nangoja.
Geji ikisoma sufuri siiamini,
sindano yake nayo huchoka, hukwama, hudanganya.
Nalegeza nati robo mzunguko, uso pembeni,
nangoja ile pumzi fupi, *fss*,
ya kitu kilichokubali kutoka.
Shinikizo halina chuki na mtu.
Linatafuta mlango, basi,
na ngozi ya binadamu, jamani, ni mlango usio na komeo.

Wandera anatunza stoo. Vidole vinane.
Jumamosi huzunguka maduka ya soko la Jubilee
akiomba katoni tupu; hakuna aliyemtuma.
Huzikata kwa mkono wa kushoto, vipande vya shubiri mbili,
huvifunga kumi kumi kwa kamba ya mkonge.
Nikienda dirishani kuchukua noseli
hanipi noseli kwanza.
Hunipa katoni, na kabla sijaishika
huigeuza: maandishi ya sabuni chini,
upande usioandikwa juu,
ili tundu lisijifiche kati ya herufi.